Akupancha kwa undani: nukta, kina cha sindano na yanayoharibika kitandani

MshipaNaNukta (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mada za akupancha (tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini) humu huishia kwenye ubishi wa "inaponya" na "haiponyi" kabla mtu hajaeleza hata sindano inaingia wapi na kwa kina gani. Uzi huu ni wa kazi yenyewe, jinsi inavyofundishwa China. Si ruhusa ya mtu kujichoma nyumbani. Ni ili anayelala kwenye kile kitanda ajue anafanyiwa nini, na wanaosoma fani wapate pa kuulizana.

Tuanze na sindano. Ni ya chuma kisichoshika kutu, haina tundu, haipitishi dawa yoyote. Ina ncha, mwili, mzizi (pale mwili unapoingia kwenye mpini), mpini na mkia. Udhaifu wake uko kwenye mzizi; ikikatika, mara nyingi hukatika hapo. Ndiyo sababu haizamishwi mpaka mpini uguse ngozi. Robo ya mwili inabaki nje, ili ikikatika pawe na pa kushika. Unene wa kawaida ni milimita 0.20 hadi 0.30. Urefu wa milimita 13 ni kwa uso na vidole, 25 kwa kiganja na kifundo cha mkono, 40 kwa mikono na miguu, 50 hadi 75 kwa makalio. Anayeanza kazi akiwa na 0.25 kwa 40 atafanya mengi.

Kipimo cha mwili kinaitwa cun. Upana wa kidole gumba cha mgonjwa kwenye kiungo chake ni cun 1; vidole vinne vikibanwa pamoja, usawa wa kiungo cha kati, ni cun 3. Ni vidole vya mgonjwa, si vya mtoa tiba! Mwanamume mwenye mikono mikubwa akimpimia mtoto kwa vidole vyake atakosea nukta, yaani mahali pa kuchoma, kwa sentimita nzima. Kwa uhakika zaidi, gawanya kiungo chenyewe: kuanzia mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kifundo cha mkono ni cun 12 kwa kila binadamu, awe mrefu au mfupi.

Nukta zimepangwa kwenye njia kuu 14, mistari inayochorwa mwilini, na jumla ni 361. Herufi kama LI ni njia, namba ni nafasi ya nukta kwenye njia hiyo. Nitataja tatu ambazo karibu kila mtoa tiba anazigusa.

Hegu, LI4. Iko mgongoni mwa kiganja, katikati ya urefu wa mfupa wa pili, upande wa kidole gumba. Kina ni cun 0.5 hadi 1. Hutumika kwa maumivu ya kichwa, meno na uso. Kwa mila ya fani hii haichomwi kwa mjamzito.

Neiguan, PC6. Pima cun 2 juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa ndani, katikati ya kano mbili zinazotokeza ukikunja ngumi na kuinamisha kiganja. Ni ya kichefuchefu. Chini yake kuna neva kubwa inayokwenda kwenye vidole. Mgonjwa akishtuka kama kapigwa na umeme hadi kidole cha kati, umeigusa neva: rudisha sindano nyuma papo hapo na usiizungushe.

Zusanli, ST36. Kunja goti, tafuta kibonde cha nje chini ya pia ya goti, shuka cun 3, kisha toka upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa ugoko. Kina ni cun 1 hadi 1.5. Ni ya tumbo, goti na uchovu.

Utaratibu: mgonjwa alale, hasa mara ya kwanza. Osha mikono. Futa ngozi kwa spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke, maana sindano ikipita kwenye spiriti mbichi inawasha na mgonjwa atadhani umemuumiza. Weka kijibomba cha plastiki, sindano ikiwa ndani yake, wima juu ya nukta. Mpini unatokeza milimita chache. Gonga mara moja kwa kidole cha shahada, ngozi ishapita. Toa kijibomba, kisha sukuma taratibu hadi kwenye kina.

Hapo ndipo inatafutwa deqi. Mgonjwa anahisi uzito, ganzi, kujaa au uchungu wa mbali kama wa msuli uliochoka. Mtoa tiba naye anahisi sindano imeshikwa. Mabingwa wa zamani walisema ni kama samaki anapouma chambo. Isipokuja, inua na ushushe sindano kidogo, au izungushe kwenda na kurudi chini ya nusu mzunguko. Iache dakika 20 hadi 30. Kisha toa, ukibonyeza kwa pamba kavu.

Karibuni tuendelee.

KaratasiZaKale

Mtoa mada, ahsante. Niongeze historia, kwa sababu wengi wanadhani sindano hii nyembamba ina miaka elfu kadhaa bila kubadilika. Haikuwa hivyo.

Huangdi Neijing, kitabu mama kilichokusanywa enzi ya ukoo wa kifalme wa Han, kinaeleza sindano za aina tisa. Nyingine zilikuwa na ncha kama mkuki, nyingine pana kama upanga za kupasulia majipu, nyingine butu za kubonyeza tu. Mwaka 1968 kaburi la Liu Sheng, mwana wa mfalme aliyefariki mwaka 113 kabla ya Kristo, lilifukuliwa huko Mancheng. Zilipatikana sindano nne za dhahabu, pamoja na za fedha. Mwaka 1027 Wang Weiyi alikamilisha sanamu za shaba za ukubwa wa mtu zenye matundu kwenye kila nukta. Sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji. Mwanafunzi akichoma sawasawa, maji yanatoka. Mtihani mgumu huo, na wa haki.

Kuna pia kipindi cha giza. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliiondoa akupancha kwenye taasisi ya tabibu wa ikulu, kwa hoja kwamba kuchoma sindano na kuunguza ngozi havimfai mfalme. Ikabaki kwa wahudumu wa mitaani. Aliyeirekebisha zaidi ni tabibu Cheng Dan'an (1899–1957). Alilinganisha nukta na anatomia ya kisasa, akazihamisha zilizokuwa juu ya mishipa mikubwa ya damu, akasisitiza sindano nyembamba na usafi. Akupancha ya kliniki ya leo inadaiwa zaidi na Cheng kuliko na Huangdi, mfalme wa hadithi ambaye kitabu kimepewa jina lake.

MbavuNaMisuli

Uzi mzuri. Mimi nitabaki kwenye usalama wa kifua, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kufa.

Kuna nukta inaitwa Jianjing, GB21, juu ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega. Kila mwenye shingo iliyokaza anataka ichomwe. Chini yake ni kilele cha pafu. Kitabu kinasema cun 0.5 hadi 0.8, lakini kwa mtu mwembamba hata hiyo ni nyingi. Njia salama ni kubana msuli kati ya vidole viwili, kuunyanyua kutoka mwilini, na kuchoma ndani ya nyama uliyoishika tu. Sindano isielekee chini wala mbele.

Mgongo wa juu ni vilevile. Feishu, BL13, iko cun 1.5 kutoka katikati ya uti wa mgongo, usawa wa pingili ya tatu ya kifua. Haichomwi wima. Ni mshazari, kuelekea uti wa mgongo, cun 0.5 hadi 0.8. Kumbukeni pembe tatu: nyuzi 90 ni wima, 45 ni mshazari, 15 ni kulaza sindano chini ya ngozi. Kifuani, 90 isahaulike. Katika maeneo mengine ya kifua na mgongo wa juu, pafu liko sentimita 1 hadi 2 tu chini ya ngozi, na sindano ya kawaida ni ndefu maradufu ya hapo.

Pafu likitobolewa, hewa inajikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua. Dalili ni kifua kuuma upande mmoja, kikohozi kikavu, pumzi kukatika. Na zinaweza kuja saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Kwa hiyo aambiwe kabla hajaondoka: ukipata dalili hizi nenda hospitali, upigwe picha ya kifua, na useme wazi kwamba ulichomwa sindano mgongoni. Akinyamaza, daktari anaweza kumtibu nimonia.

La mwisho ni Shanzhong, CV17, katikati ya mfupa wa kidari. Watu hudhani mfupa unakinga moyo. Lakini karibu watu 5 hadi 8 katika kila 100 wamezaliwa na tundu dogo kwenye mfupa huo, na huwezi kulijua kwa kupapasa. Vipo vifo vilivyoandikwa kwenye majarida ya tiba vya sindano iliyopita hapo hadi kwenye moyo. Nukta hiyo inalazwa chini ya ngozi, basi.

mwana_wa_tabora

Wakuu, mimi ni mwanafunzi. Mgonjwa akizimia sindano zikiwa mwilini, unaanza na lipi? Na sindano ikigoma kutoka?

SistaWadi4

Mdogo wangu, anza na sindano: toa ZOTE kwanza, haraka lakini kwa mpangilio, ukihesabu. Kisha mlaze chali, miguu juu, legeza nguo, fungua dirisha. Akipata fahamu mpe maji ya uvuguvugu yenye sukari. Wengi hurudi ndani ya dakika chache. Asiporudi, au akiwa na maumivu ya kifua, hiyo si kuzimia kwa sindano. Ita msaada wa hospitali.

Ila kuzimia kunatangaza kabla. Uso unabadilika rangi, jasho jembamba, miayo, kichefuchefu, "naona giza". Ukiona miayo tu, acha kuzungusha sindano. Wanaozimia zaidi ni wenye njaa, waliofika wakikimbia juani, waoga, na wanaochomwa wakiwa wamekaa kitini. Muulize kila mtu amekula saa ngapi.

Sindano kugoma ina sababu mbili. Ya kwanza ni msuli umekaza kwa hofu. Iache dakika chache, zungumza naye, papasa taratibu pembeni ya nukta, au choma sindano nyingine sentimita chache kutoka hapo, msuli utalegea. Ya pili ni kosa la mtoa tiba, kuzungusha upande mmoja tu hadi nyuzi za nyama zikajisokota kwenye sindano. Hapo izungushe upande wa pili taratibu mpaka iachie. Ukivuta kwa nguvu utamuumiza, na sindano iliyochakaa inaweza kukatika.

Ikipinda, mara nyingi ni kwa sababu mgonjwa kajigeuza. Mrudishe kwenye mkao uleule wa mwanzo, halafu itoe ukifuata upande iliopindia. Ikikatika, mwambie asitikisike hata kidogo. Kipande kikionekana, bonyeza ngozi pande zote mbili na ukishike kwa kibanio. Kisipoonekana, usichokonoe, weka alama kwa kalamu na apelekwe kwa mpasuaji.

Na hesabu! Zilizoingia ziandikwe, zilizotoka zihesabiwe. Sindano zinazosahaulika ni zile za kichwani, kwenye nywele.

mwana_wa_tabora

Ahsante sana dada. Na anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu?

SistaWadi4

Tumia sindano nyembamba, 0.16 au 0.20, kina kifupi, bila kuzungusha sana, na ubonyeze dakika mbili au tatu badala ya sekunde chache. Sehemu za kina kama makalio ziachwe. Pakivimba na kuwa na wekundu wa zambarau, siku ya kwanza ni baridi, joto ni kuanzia kesho yake.

TakwimuTupu

Sasa mniruhusu upande wa ushahidi, maana usipojadiliwa uzi utakuwa nusu.

Jaribio kubwa la Ujerumani la maumivu ya kiuno, lililochapishwa 2007, lilikuwa na wagonjwa 1,162 katika makundi matatu. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ni asilimia 47.6 kwa akupancha halisi, 44.2 kwa akupancha ya uongo (sindano za juujuu kwenye sehemu zisizo nukta), na 27.4 kwa tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Tazameni pengo liko wapi. Akupancha ilishinda tiba ya kawaida kwa mbali, lakini nukta halisi na za uongo zilikaribiana mno.

Uchambuzi wa mtafiti Vickers na wenzake wa 2018, majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827 wa maumivu sugu, ulikuta tofauti ndogo lakini ya kweli kati ya halisi na ya uongo, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu bado ipo baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kwa mgongo, goti, shingo na kipandauso kuna cha kusimamia. Kichefuchefu baada ya upasuaji, Neiguan ina ushahidi mzuri. Lakini anayetangaza kwamba sindano zinaponya kisukari, saratani au VVU anawaibia watu muda wao wa kutibiwa, na hilo linanikera kwelikweli.

MshipaNaNukta

Mkuu TakwimuTupu, nakubaliana na takwimu, sikubaliani na mtu atakayezisoma kwamba "basi popote ni sawa". Sindano ya juujuu kwenye ngozi nayo inaamsha neva. Si kidonge cha unga. Jaribio lile linaonyesha kwamba kuchoma kuna athari pana kuliko nukta yenyewe. Halionyeshi kwamba mahali hapana maana, na kwa usalama mahali ndiyo kila kitu, kama alivyoeleza MbavuNaMisuli.

TakwimuTupu

Hapo tuko pamoja. Nami niongeze kwenye usalama: Ujerumani walifuatilia wagonjwa 229,230. Asilimia 8.6 walipata angalau athari moja, nyingi zikiwa michubuko na kutoka damu kidogo, na pafu kutoboka kulitokea kwa watu wawili. Ila wote wale walichomwa na madaktari waliosomea akupancha. Namba hizo asizikope mtu wa chumba cha nyuma asiyejua pafu linaanzia wapi.

MkungaWaUnguja

Hamjagusa moksa, na jina la Kichina la tiba hii, zhenjiu, lina vyote viwili: sindano na moto. Moksa ni majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yaliyotwangwa hadi yakawa kama sufi, yakasokotwa kuwa kijiti. Unakiwasha, unakishika sentimita 2 hadi 3 juu ya ngozi mpaka pawe pekundu kidogo. Mkono wako mwingine uweke vidole pembeni ya nukta ili uhisi joto analohisi. Hilo si hiari kwa mwenye kisukari, kwani mguu wenye ganzi unaungua mwenyewe akiwa anatabasamu.

Matumizi yanayojulikana sana ni kumgeuza mtoto aliyetanguliza makalio. Nukta ni Zhiyin, BL67, kwenye pembe ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu. Mama anakaa ameegemea, dakika 15 hadi 20, siku 7 hadi 10, kuanzia wiki ya 33 hivi. Jaribio la mkoa wa Jiangxi lililochapishwa 1998 lilikuwa na wanawake 260: kufikia wiki ya 35 watoto waligeuka kwa asilimia 75.4 upande wa moksa, dhidi ya 47.7 kwa wasiofanyiwa. Mnaona kwamba karibu nusu hugeuka wenyewe. Kwa hiyo mama asiache kliniki, na apimwe tena kila baada ya siku chache. Mtoto akishageuka, acha. Mwenye mapacha, kovu la upasuaji, kondo lililotangulia, damu au chupa iliyopasuka asifanyiwe kabisa.

Kijiti kizimwe kwenye mchanga au kopo lenye mfuniko. Kwa nje kinaonekana kimekufa huku ndani kinaendelea kuwaka, na vyumba vimeshika moto kwa sababu hiyo.

WayaMbili

Niongeze umeme kwa ufupi. Kifaa kinaunganishwa kwenye sindano mbili kwa vibanio. Mpini wa plastiki haupitishi, chukua wa chuma. Kitufe kianze sifuri, kipandishwe taratibu hadi msuli uruke kidogo bila maumivu. Kazi za mtafiti Han Jisheng wa Beijing zilionyesha kwamba mipigo 2 kwa sekunde na mipigo 100 huamsha kemikali tofauti za kutuliza maumivu mwilini, ndiyo maana vifaa vingi hubadilishana kati ya hizo mbili. Mwenye kifaa cha mapigo ya moyo asiunganishwe. Na nyaya zisivuke kifua, yaani sindano moja mkono wa kushoto na mwenzake wa kulia.

mwana_wa_tabora

Je, hii ni tofauti gani na chuku na hijama za kwetu Pwani? Na hapa nyumbani anayeruhusiwa ni nani?

MkungaWaUnguja

Chuku na hijama huvuta damu na ngozi kwa pembe au kikombe, na hijama hukata ngozi. Akupancha haikusudii kutoa damu. Wachina nao wana vikombe vyao, na kliniki nyingi huvitumia pamoja na sindano, ndiyo maana watu wanachanganya. Kikombe chenye damu kina hatari kubwa zaidi ya homa ya ini. Kisitumike kwa mtu wa pili.

Zanzibar tiba hii si ngeni. Timu za madaktari wa China kutoka Jiangsu zilianza kufika Visiwani 1964, na za Shandong zikaja Tanzania Bara 1968. Leo Bara ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002, na Baraza lake ndilo linalosajili watoa tiba na vituo. Uliza cheti. Ukisikia "fundi wetu alisoma kwa Wachina", omba kukiona hicho alichosomea.

SistaWadi4

Na angalia mikono kabla ya cheti. Sindano ifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti yenye tarehe ya mwisho, itumike mara moja, itumbukie kwenye boksi la taka zenye ncha kali. Ukiona zinatolewa kwenye chupa ya spiriti, shuka kitandani uondoke. Kuloweka sindano kwenye spiriti si uhakika wa kuua virusi vya homa ya ini B kama mnavyodhani. Hata wa kuchemsha maji ya kawaida hajatakasa.

pwani_mchana

Mama ana goti la uzee. Aende mara ngapi, na ajue lini kwamba haimfai?

MshipaNaNukta

Mara 1 au 2 kwa wiki, jumla 6 hadi 10. Waanze na nukta za kuzunguka goti pamoja na Zusanli. Kabla ya kuanza apime mwenyewe kitu kimoja cha kila siku: ngazi anazopanda bila kusimama, au dakika za kuswali bila kiti. Aandike. Baada ya mara ya 4 hadi 6, kama namba haijasogea, aache na pesa ielekee kwenye mazoezi ya misuli ya paja kwa mtaalamu wa viungo. Goti likivimba ghafla, likiwa la moto na homa juu yake, lisichomwe kabisa. Hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.